Nilivyochimba kaburi la mtu asiyekufa, Kalemie enzi za Zaire

Wakuu, habari za humu ndani. Leo nami nimejipa moyo nifungue uzi. Shule sikufika mbali, kwa hiyo mkikuta maneno yamepinda myanyooshe wenyewe. Ila yote haya yalinipata mimi, chumvi sijatia hata punje.

Mimi mtu wa Kigoma. Ujanani nilikuwa na ndoto moja tu: kushona suti.

Si suti yoyote. Enzi hizo Wazaire walikuwa na abakosi, lile koti lisilovaliwa tai, linakaa mwilini kama limemwagwa. Nikimwona Mzaire anashuka botini amelivaa, namfuata hadi sokoni naangalia mshono wa mabega. Watu walidhani mi mwizi.

Basi nikapanda boti la mizigo peke yangu, nikavuka ziwa.

Kalemie, wakuu! Mji unachemka. Treni ya Kabalo imeingia, magunia yanashushwa, muziki unatoka kila baa tangu asubuhi, kina mama wamepiga vitenge hadi macho yanauma. Nikala bukari, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa ziwa letu lilelile. Nikawa natembea nacheka peke yangu. Hata mimi na ndevu zangu tatu naitwa Papa, yaani baba!

Kesho yake, Ijumaa, nikaenda kwa Papa Mulongo, fundi ambaye kila niliyemuuliza bandarini alimtaja. Nikamweleza nataka kujifunza kwake.

Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Nani anakujua hapa?"

"Hakuna, Papa. Nimefika jana."

"Sasa kama hakuna muntu anakujua, nitakupatia vitambaa vya bantu namna gani? Unavuka maji navyo, mimi ninabakia na kilio. Tafuta muntu wa kusimama kwa ajili yako. Ukikosa, boti inarudia lundi."

Lundi ni Jumatatu, na bantu ni watu. Nikatoka pale miguu mizito kama ya kukopa.

Jumamosi asubuhi natoka nyumba ya wageni, nakuta maduka yamefungwa. Soko limefungwa. Watu wametoka na majembe, mapanga na makoleo, wote wanaelekea upande mmoja.

Nikajua kuna msiba. Kwetu mtaa mzima ukifunga na wanaume wakabeba majembe, wanakwenda kuchimba kaburi. Na mgeni hapiti msiba kama hauoni.

Kulikuwa na mama mmoja mnene amebeba majembe mawili. Nikampokea moja, nikainamisha kichwa, nikamfuata kimya. Aliitwa Mama Feza, anauza maandazi jirani na Papa Mulongo, ila hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Tukafika kando ya barabara. Shefu, yaani mkuu wa mtaa, akapuliza filimbi, akanionyesha kwa kidole: "Weye, chimba hapa!"

Nikavua shati.

Wenzangu wanakwangua majani kwa uvivu, wengine wanaimba wanakata viuno. Nikasema moyoni, Wazaire hawa, hata mazikoni wanacheza! Kila watu na yao. Mimi nikapima kwa hatua, nikanyoosha pembe nne, nikashuka. Na nilivyo, machozi yangu yako karibu. Nikawaza marehemu ni nani, ameacha watoto wangapi, nikaanza kulia huku nachimba.

Shimo lilipofika kiunoni nikaona kivuli. Ni shefu.

"Citoyen, unachimba kisima?" Citoyen ni mwananchi, ndivyo walivyoitana enzi hizo.

"Kaburi, shefu. Mungu amlaze pema marehemu."

"Marehemu gani?"

"Huyu wa leo..."

Mama Feza akapiga makofi: "Yee mama! Analia kweli! Papa, hii njo salongo! Kila Jumamosi tunasafisha muji, ni lazima ya serikali. Hakuna muntu amekufa!"

Wakuu, barabara nzima ililala chini kwa kicheko. Mmoja akaruka shimoni, akajilaza, akafumba macho: "Nizikeni, nimechoka na salongo!" Wengine wakaanza kumlilia kwa sauti. Nami nikacheka hadi mbavu zikauma. Ningefanya nini?

Kwenye kundi la wanaocheka, nani amekaa chini anafuta macho? Papa Mulongo.

Mama Feza akamgeukia. "Mulongo, si huyu njo kijana ulifukuza jana? Nilisikia yote."

"Hakuna muntu anamujua, Mama."

"Mimi ninamujua. Muntu wa kulilia mufu hata jina hajasikia, ataiba kitambaa yako? Ninasimama kwa ajili yake. Akikimbia, kuja kwangu."

"Na mimi!" akasema aliyelala shimoni. "Amenichimbia vizuri."

Papa Mulongo akajikung'uta vumbi. "Lundi, kuja mapema. Lakini kwanza fukia hili shimo, ng'ombe wa bantu wasivunjike miguu."

Tukalifukia watu kumi na zaidi, tunaimba. Jumatatu boti likaondoka bila mimi, nikaisikia honi yake nimeinama kwenye cherehani nashona mfuko wangu wa kwanza. Ulipinda. Papa Mulongo akaufumua, akanirudishia bila neno, nikashona tena.

Nilichojifunza: ugenini usijikaze kuonekana mjanja. Watu wanaanza kukujua siku wanapokucheka, kama ulichokosea umekikosea kwa moyo mweupe.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ulipotua mji wa watu, walikucheka kwa lipi?