Pazia Kwanza, Swali Baadaye

Nakumbuka Ijumaa moja huko Doha, mwanangu, ambayo hadi leo huniamsha usiku. Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka Kenya mwaka huohuo, na nilijiona najua kila kitu. Wewe unayekwenda huko sasa na cheti chako kipya, kaa kidogo unisikilize. Ndege haitakuacha kwa maneno ya mama mzee.

Walimleta kwetu, idara ya dharura, dada mmoja wa Bungoma aitwaye Nafula, msafisha vyumba hotelini. Alikuwa ameanguka katikati ya ibada, maana huko wengi wetu Wakristo husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Kikundi kizima cha maombi kilikuja naye, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Rehema, ambaye Nafula alikuwa akiishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura. Mama mwema, lakini akikutazama unakumbuka dhambi zako zote.

Nafula alikuwa akikatiza maneno ili avute pumzi. Moyo ulimwenda mbio na oksijeni ilikuwa chini. Tulipompiga picha ya kifua, ikatoka safi. Mmoja wetu akasema ni vumbi, kwa kuwa upepo ulivuma tangu asubuhi, mwingine akasema ni hofu tu. Daktari hakuridhika. Alishuku donge la damu limekwama kwenye mshipa wa mapafu, akanituma nimuulize kwa Kiswahili kuhusu safari, miguu na dawa.

Nikauliza palepale, wote wamezunguka kitanda. Safari ilikuwepo: alikuwa amerudi kutoka likizo nyumbani wiki mbili zilizopita, basi la usiku hadi Nairobi, kisha ndege. Miguu je? Akasema iko sawa, nami nikaona haya kumfunua mbele ya wanaume wa kanisa. Dawa? Alimtazama Mama Rehema, halafu akageukia ukuta.

"Hapana, sista. Hakuna dawa natumia."

Nikapeleka jibu hilo kwa daktari. Akaagiza avutishwe dawa ya kufungua kifua kwanza, tuone. Tuliona midomo ikizidi kupauka.

Ndipo alipopita Mama Kendi, muuguzi mzee wa Meru aliyebakiza muda mfupi astaafu. Alisikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimuuliza nani? Yeye, ama kanisa?" Akawageukia wageni. "Wapendwa, tokeni nje kidogo."

"Mimi ni kama mama yake," Mama Rehema akasema.

"Ndiyo maana utoke, mama."

Alivuta pazia, akafunua shuka. Mwanangu, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti kushuka, na wa kulia hauna kitu. Akasema chumbani kwao walikuwa wameuchua kwa dawa ya misuli wiki nzima, wakidhani ni uchovu. Mama Kendi akauliza upya kuhusu dawa, na Nafula akaanza kulia, pumzi zenyewe hana. Alikuwa akimeza tembe za kupanga uzazi, alizopewa nyumbani kwa sababu hedhi ilikuwa ikimmaliza damu.

"Na sina bwana, sista. Watasema mimi ni msichana wa aina gani?"

"Hapa hakuna mtu wa kukuhukumu. Mimba je, inawezekana?"

"Hapana."

Nilikimbia kumwita daktari. Safari, mguu, tembe ambazo huweza kugandisha damu, na kifua safi kisicho na pumzi: hakungoja tena. Alimdunga dawa ya kuzuia damu isigande hata kabla ya picha ya CT ya mishipa ya mapafu, nami nikasukuma kitanda huku nikihesabu pumzi zake na kuomba nisikose inayofuata. Donge lilikuwepo, kubwa. Wakampima na moyo, wakakuta upande wa kulia umelemewa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza. Niliogopa sana, mwanangu.

Alipona. Lakini jioni ile nilipotoka kuwaambia wenzake kwamba ni damu iliyoganda kwa safari ndefu, Mama Rehema alinivuta kando.

"Si ni zile tembe zake?" akanong'ona. "Niliziona kwa kabati. Nikanyamaza, nisimwaibishe."

Sikujibu, maana siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Ila nilirudi nikaketi chooni nikalia. Nafula alificha kwa haya, mimi sikufunua mguu kwa haya, na mama yule alijua akanyamaza kwa haya.

Wazee husema mficha uchi hazai. Basi vuta pazia kwanza, ndipo uulize. Tazama miguu yote miwili, hata kama mwenyewe amesema iko sawa. Picha safi isikutulize mtu akiwa hana pumzi. Na siku ukiwa wewe ndiye umelala pale kitandani, sema yote.

Nenda salama. Mola akupe mikono myepesi, akuweke mbali na haya inayoua, na kila utakayemvutia pazia atoke akitembea.