Bi Badria na Tetekuwanga ya Utotoni

Mama yangu, Bi Badria, hajui kutulia. Nilipojifungua alihamia kwetu Michenzani kunilea arobaini yangu, akashika kila kitu: maji ya moto, kunikanda, kunifunga mkaja tumboni, kumwosha mtoto. Mama mkwe wangu, Bi Nunu, akija alipewa kiti na chai, basi.

Ubavu ulipoanza kumchoma, mama alisema ameteguka kwa kubeba maji. Akajifunga kanga kama anavyonifunga mimi mkaja, akaikaza kwelikweli. Maumivu yakazidi, naye akazidi kukaza. Kichwa kigumu huyo! Nilipomfungua kwa nguvu nilikuta malengelenge yamejipanga ubavuni, upande mmoja tu.

Junaid, daktari anayekaa ghorofa ya chini, alipanda kumtazama. Akasema ni mkanda wa jeshi. Mtaani wakisikia jina hilo huwaza UKIMWI, lakini vipimo vilimtoa mama salama.

"Bi Badria, uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Nliugua utotoni kule Matemwe, sijaanza hata chuo cha Kurani. Nkapona."

"Ulipona upele. Kirusi hakikutoka. Kilijificha kwenye mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo. Chembe za kinga mwilini mwako ndizo zilizokuwa zikikizuia miaka yote hii. Umri na uchovu vimezipunguza nguvu, kikaamka."

"Kwa nini hazikukiua?"

"Haziwezi kukimaliza. Zinakizuia tu kisiamke."

Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha jambo hilo.

"Na wewe Kawthar, ushaugua?" Junaid akaniuliza.

Sijawahi. Utotoni mwangu, kila tetekuwanga ilipoingia kwenye jengo letu, mama alinifungia ndani, hata shule nisiende.

"Basi wewe na mtoto hamna kinga yake. Bi Badria, usimshike mtoto mpaka malengelenge yakauke. Bahati yenu ile kanga. Imekuumiza wewe, lakini imefunika malengelenge, ikawakinga wao."

"Nlikuwa nnamfungia Kawthar mlango," mama alisema polepole, "kumbe nnacho mimi?"

Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa, sijui nimshukuru au nimlaumu.

Tangu siku hiyo Bi Nunu akachukua beseni la kumwoshea mtoto. Mama alikaa ukumbini akitoa amri: maji yamepoa, shingo ishike vizuri! Bi Nunu aliitikia "Naam" kila mara, kisha akafanya anavyojua yeye. Roho iliniuma kumsikia mama akinyamaza mapema zaidi kila siku inayopita.

Malengelenge yalipokauka yote, Junaid alimruhusu. Nikamweka mtoto mapajani mwake. Mama aliinua mikono juu, hakumgusa.

"Hicho kirusi kimelala?"

"Kimelala, mama."

"Nani kakwambia? Na mwanzo kilikuwa kimelala, na mie nikijiona mzima."

Mtoto akaanza kulia, mikono ya mama bado iko juu. Nilisubiri aishushe. Badala yake akageukia jikoni, na kwa sauti ya kuomba ambayo sijawahi kuisikia kwake, akamwita Bi Nunu aje amchukue.