Dakika Mbili za Verla

Hapa kwetu St. Anthony, Idaho, mtu akichelewa tunamwambia ana dakika mbili za Verla. Mimi ni jirani yake na nimezivumilia nyingi kwa kununa. Akishapanda kilima cha mchanga na gari lake, Verla hazimi injini papo hapo. Huiacha iungurume kwa chini dakika mbili kamili, ili turbo, ile feni ndogo inayosukumia injini hewa, ipoe huku bado inapata oili. Sisi tumefungwa mikanda, sandwichi zinatutazama.

Amewapikia watoto wa shule miaka thelathini, na gari lake analitunza kama jiko lile. Akirudi tu, anasafisha chujio la hewa.

"Dada, hilo gari au mgonjwa?" kaka yake Orvin humtania.

"Cheka tu. Lako utalizika."

Julai hii mama yao, Bi Thelda, alitimiza miaka themanini na minane. Agosti angefanyiwa upasuaji wa nyonga, na baada ya hapo daktari hataki kusikia habari za mchanga. Akaomba kitu kimoja: afike juu ya kilima kikubwa, alikochumbiwa, akae kimya asikie upepo.

"Mama anapanda na mimi," Orvin akatangaza. "Mimi nina gari, si mgonjwa."

Akaenda kujaribu njia. Akapanda mbio, akashuka, akazima hapo hapo, akajisifu. Akapanda tena. Safari ya tatu ukasikika mluzi, moshi wa buluu ukatanda, gari likagoma katikati ya mteremko. Miaka mitatu ya kuzima injini ikiwa moto ilikuwa imeiua turbo. Nilicheka waziwazi, sikuona haya.

"Ingia nyuma," Verla akamwambia.

Tukapanda wanne. Tulipofika juu, Orvin, kwa mazoea yake, akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma azime. Bi Thelda akamchapa kiganjani.

"Acha! Utaua na hili?"

"Mama, si ulitaka kimya?"

"Sijafika hapa miaka arobaini. Dakika mbili ndizo zitanishinda?"

Tukangoja. Verla akazima.

Ukabaki upepo. Bi Thelda akavua miwani, akafuta macho.

"Baba yenu alipiga goti pale," akasema. "Suruali ikajaa mchanga."

Moyo wangu ulijaa furaha. Tulikaa sana, na hakuna aliyeuliza saa, hata Orvin.