Goti Langu Zima Linakandwa Kila Siku

Nilidanganya, tena nikiwa nimelala mchangani nimeshika goti. Nichekeni, nastahili!

Mimi ni Mkenya, mlinzi wa jengo hapa Doha. Ujana wangu wote uliishia kwenye mbio za nyika, kisha nikakaa miaka kumi na miwili bila kukimbia hata kwenda dukani. Aliyenirudisha ni Mussa, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja Abu Hamour. Kulikuwa na mbio za wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Ijumaa asubuhi, kwenye mchanga kupita Mesaimeer, na timu itakayoshinda ingepewa tiketi za ndege za kwenda nyumbani. Mussa ana binti wa miaka mitatu huko Zanzibar ambaye yeye hajawahi kumbeba.

"Kaka, mzoefu wetu ni wewe," aliniambia. "Wewe maliza tu."

Maliza tu! Mimi? Nilimcheka. Nikawacheka na wengine pale mstarini, na fulana zao za kazini. Kulikuwa na Mganda mmoja, mpishi, ana kitambi cha kutosha watu wawili. Nikauliza kwa sauti, "Huyu naye amekuja kukimbia ama kupakua chakula?"

Filimbi ikalia, nikachomoka mbele ya wote. Miguu ilijikumbuka ujana, lakini mapafu yalikuwa ya mzee huyu wa leo. Raundi ya pili mchanga ukaanza kunivuta. Walinipita wawili, wakanipita kumi, nikaacha kuhesabu. Halafu akanipita mpishi! Polepole, kitambi mbele, na bado akanigeukia, akaniita bwana kwa Kiganda chake: "Kaza, ssebo, tumekaribia."

Hapo nikajitupa chini. Nikapiga kelele, goti, goti! Goti halikuwa na shida yoyote. Niliona aibu kumaliza nyuma ya kile kitambi.

Na sheria naijua, mjinga mimi! Timu ni watu wanne, nafasi zao zote huhesabiwa, na mmoja asipomaliza timu nzima inafutwa. Walipojumlisha, ikaonekana wenzangu watatu walikuwa wamefika mbele sana, hata ningefika wa mwisho kwa kutembea, tungeshinda. Tiketi zikaenda kwa timu ya mpishi.

Mussa hakunilaumu. Afadhali angenitukana! Kila akitoka kazini anapasha moto mafuta ya karafuu aliyotumiwa na mamake, ananikanda goti. Nami, mwanamume mzima na ndevu zangu, nakunja uso na kusema, "Aah, taratibu hapo." Juzi alikuwa ananikanda huku anaongea na binti yake kwa simu. Mtoto akauliza baba anakuja lini. Mussa akamjibu:

"Baba mkubwa akipona goti, tutakimbia tena, mwanangu."

Nyinyi mabingwa wa zamani mnaotaka kurudi mbioni, hakuna anayekumbuka medali zenu! Tembeeni, tambaeni, fikeni nyuma ya kitambi, lakini fikeni.

Mimi bado nachechemea. Leo asubuhi nilishuka kitandani nikakuta nimesahau ni goti lipi.