Kisigino cha Lipiko

Odete binti Eusebio namjua tangu anatambaa, maana nyumba zetu huku Kilambo zinapakana. Siku hizi anakaa mjini, Likombe, anatengeneza katuni za kwenye simu. Kabla mtu wa katuni hajatembea, humchora kwanza kwenye karatasi, hatua baada ya hatua, kisha anapitisha mstari mwekundu penye nyonga, goti na kisigino, aone kila kiungo kinapita wapi. Kazi ya kuchosha, jamani. Lakini akimaliza, mtu wa karatasi anatembea kweli.

Kazi hiyo alijifunza kwa kumchora baba yake. Mzee Eusebio panga lilimkata mguu wa kushoto akifyeka kwenye mikorosho, na tangu hapo kisigino cha mguu huo hakikugusa tena chini. Odete alikuwa akimchora akitoka shamba, anachechemea na jembe lake begani.

Sasa kwetu Wamakonde, vijana wakitoka jando anacheza lipiko, mtu aliyefunikwa mwili mzima, kinyago kichwani. Wanawake tunaambiwa huyo ni mzimu. Usidhani sisi wajinga. Tunajua ni mtu, ila hatuulizi ni nani, na huko kutouliza ndiyo heshima ya ngoma. Akishajulikana, ngoma kwake imekwisha.

Mwaka juzi Odete alimrekodi lipiko kwa simu, akaenda kumchora kama kawaida yake. Aliporudi kutuonyesha katuni, akabandika karatasi ukutani uani kwao, upande mmoja baba akitoka shamba, upande mwingine lipiko, ili tuone kazi inavyofanyika. Kwenye ngoma yenyewe njuga na vumbi vilificha kila kitu. Kwenye karatasi, mistari ya mguu wa kushoto ilifanana mno, yote miwili inaning'inia pale kisigino kinapotakiwa kushuka. Odete alikuwa ameiona, mtoto wa watu, akadhani ni mkono wake tu umezoea kuchora hivyo.

Zulmira, mama yake mdogo, akacheka, akalitaja jina la shemeji yake, Eusebio, mbele ya kadamnasi. Mdomo ule! Nilitamani kumzaba kofi. Odete aligeuka akazitazama karatasi zake, halafu akaanza kuzibandua moja moja.

Wazee wa ngoma walikuja kesho yake kuchukua kinyago. Mzee Eusebio hakubishana nao. Tangu afiwe na mke hakuwa na raha nyingine duniani, na sisi majirani tulijua hilo hata kabla ya kujua raha yenyewe ni ipi. Odete alipiga magoti kumwomba radhi. Yule mzee akamwinua, akasema, "Sina kinyongo, mwanangu. Ila mle ndani ndimo pekee nilimokuwa sina mguu mbovu."

Baada ya hapo alikaa tu kibarazani. Chakula alikidonoa, shamba likaota majani, na korosho hazijaanza kuanguka tukamzika. Roho inaniuma mpaka leo.

Siku ya kuondoa matanga ngoma ilikuja pale pale uani, na lipiko akacheza. Watu wote tulitazama kinyago. Odete alikuwa ameinama, anatazama miguu. Visigino vyote viwili vilikuwa vinagusa chini, na hapo ndipo alipoanza kulia.