Mufupa wa mbuzi mu mukutano ya bazazi

Nyinyi bijana benye munasoma hii, kwanza mukae muzuri. Munacheka mutu akikosea Français, ninawasikia. Mimi nilisoma kidogo tu, kisha nikapewa jembe. Lakini kuko siku moja nilinyamazisha président wa komite, na nitawaeleza namna gani.

Ilikuwa wakati wa vita. Batu ba Kamango balikimbia, bengine bakafika mpaka kwetu Butembo, mu Bulengera. Mu nyumba yangu, pamoja na bajukuu bangu, nikapokea mutoto mumoja mwanamuke, hana mama. Alijua luga ya kwao na Kiswahili kidogo. Directeur wa masomo, ile shule ya pale karibu, akamupokea bila uniforme, bila bulletin ya pointi, bila maneno. Bakimbizi bote alibapokea vile. Akatafuta hata mwalimu wa kule kwao, mukimbizi pia, akuwe anabafasiria masomo kila asubui mbele ya kengele.

Lakini masomo ilikuwa na mufupa. Taya ya mbuzi, yenye kufungwa ku kamba. Mutoto akisema luga ingine mu lupango, ndani ya uzio ya masomo, isipokuwa Français, banamuvalisha ule mufupa mu shingo. Anautoa tu kama amekamata mwenzake naye anakosea. Bajukuu bangu balijua kujificha. Ule wa Kamango, hapana. Anavaa asubui, anarudia nao nyumbani. Siku moja akauweka juu ya meza yangu, akasema kesho atanifuata ku shamba, masomo imeisha.

Nikabeba mufupa mpaka kwa directeur. Akanieleza kama alishaomba komite ya bazazi bautoe, banakatala, eti batoto habatajua Français. Yeye peke yake hana ruhusa. Tukaangaliana. Ni yeye alianza kucheka. Akaniuliza kama ninaogopa haya. Nikamujibu kama haya niliiacha mu shamba zamani.

Jumamosi directeur akaita mukutano, bazazi bakajaa mu classe, banakaa ku mabanchi ya batoto, magoti ku kidevu. Directeur akasema kwa Kiswahili, mara ya mwisho, kama tuko ndani ya lupango, donc sheria ya lupango ni yetu sisi bote. Kisha akaendelea na Français tupu. Akauliza nani iko na neno. Bamama benye kupiga kelele mu soko banaangalia dari. Papa mumoja akakohoa, nafikiri hata kukohoa alikohoa kwa Français.

Nikasimama. Nikasema kwa Kinande, luga yetu ya hapa, na nguvu, kama banchi inaniumiza. Directeur, bila kucheka, akanivalisha mufupa. Président wa komite alikuwa muchuruzi wa bitenge, mutu wa tumbo na heshima. Akakasirika, akanigeukia na Kinande chote cha kwa mama yake.

“Wewe mama, ikala chini. Unatupatisha haya.”

Nikatembea polepole mpaka kwake, nikautoa mu shingo yangu, nikaufunga mu yake, juu ya kravati.

Nikamuambia na ile Français yangu kidogo: “Pole, papa président. Sheria ni yenu.”

Akatafuta mwingine wa kukamata. Bote bamefunga kinywa na kitenge, mabega inatetemeka. Akajaribu Français: “Monsieur le directeur, je… je…” Ikabakia pale. Akashika ule mufupa, akauangalia murefu, kisha akauliza kwa Kiswahili kama batoto banavaa hii siku muzima.

“Siku muzima, papa,” directeur akamujibu. “Benye kukimbia vita, kila siku.”

Président akasema: “Basi huu mufupa utoke. Leo.”

Mikono yote ikapanda kukubali. Mufupa tukautupia mbwa ya sentinelle, mulinzi wa masomo. Akaunusa, akauacha.

Mangaribi nikarudi nyumbani na habari. Ule mutoto akasahau Kiswahili kwa furaha, akaanza kunieleza kitu kwa luga ya kwao, mbiombio. Na bajukuu bangu, pale ku meza, bakaanza kumuiga na kucheka.

Nikaweka mwiko chini. Nikabaambia: “Kuanzia leo, sala ya chakula inasemwa na huyu, kwa luga ya kwao. Mwenye kucheka, atakula kesho.”