Saa Sita Mbili

Baba yangu ana duka la fotokopi Joubert Park, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa bara, chumba kimoja chini ya jengo la fleti, hatua chache kutoka stesheni kuu. Fotokopi ni jina tu. Kazi yake hasa ni kujaza fomu. Mkongo anayetaka kuhuisha kibali, Mburundi anayemtafutia mtoto shule, Mtanzania mwenzake aliyepoteza pasi, wote hukaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake, naye huwaandikia kwa vidole viwili huku akiwagombeza. Anawagombeza kwa jambo moja, kuchelewa. Ameona watu waliofika dirisha linapofungwa wakapoteza miaka mitatu, na hilo hana msamaha nalo.

Ndiyo maana ana desturi yake. Kila saa huitaja mara mbili. "Uwe pale saa mbili asubuhi, eight." "Wanafunga saa tisa, three." Mtanzania anahesabu saa kwa Kiswahili, Mkongo wa Lubumbashi anazitaja kwa Kifaransa, ofisi zinahesabu kizungu, na baba hataki mtu aje kumlilia baadaye. Mimi nimekulia dukani mle, nikifanya kazi za shule pembeni ya mashine, na kila akitaja saa mara mbili nilikuwa naona haya. Nilidhani anawadharau wenzake.

Mimi nimezaliwa huku. Kiswahili changu ni cha nyumbani kwetu Turffontein: nakisikia chote, nakisema nusu. Saa nilizihesabu kama walivyonifundisha darasani. Six ni sita, basi ni saa sita, kuna nini zaidi? Mama alinisahihisha mpaka akachoka. Haya ninayoandika nimeyaandika na kufuta mara nyingi, na yakisomeka vizuri ni kwa sababu ya kisa chenyewe, kama utakavyoona.

Nilipomaliza digrii ya biolojia niliomba vyuo vya udaktari Marekani, vile vya osteopathi. Anayehitimu huko ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua kama daktari mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba anafundishwa pia kutibu kwa mikono, apapase mgongo, shingo na nyonga, na kilichokaza akilegeze. Kwetu jambo hilo halikuhitaji maelezo, na hapo ndipo kejeli zilipoanzia. Mama ni mkandaji. Wanawake wakijifungua, wawe wa Tanga, wa Unguja au wa Bukavu, wanamwita awakande mpaka arobaini yao iishe. Mashoga zake waliposikia mpango wangu walicheka mpaka wakapaliwa na chai.

"Anakwenda Marekani kusomea kukanda? Si mamaye amfundishe hapahapa bure!"

Mama alicheka nao. Lakini walipoondoka alininyooshea mikono yake miwili, akaitazama yeye mwenyewe, kisha akaenda kuosha vikombe.

Chuo kilichonipokea kwanza kiko katika mji mdogo, wa baridi, usio na mtu anayetujua. Aliyenihoji kwa video alikuwa bibi mmoja mwenye mvi, na badala ya kuniuliza maswali niliyokariri, aliniuliza mikono ya nani ndiyo ya kwanza ninayoikumbuka. Nikamweleza habari za mama: anavyopasha mafuta, anavyofumba macho akifika kwenye kiuno, anavyojua mwanamke analia usiku kabla hajaambiwa. Yule bibi akasema pale kwao mikono hufundishwa kila siku kwa miaka yote minne, na kwamba angependa kunifundisha yeye mwenyewe. Katika maisha yangu sikuwahi kutakiwa namna ile.

Chuo cha pili kiko katika jiji anakoishi baba mdogo, mdogo wake baba. Mahojiano yake yalikwisha upesi na sikumbuki hata swali moja. Kilikuwa kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, kikaja kuniita zimebaki siku nne. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa ileile kwa vyote viwili, Alhamisi, adhuhuri ya kwao. Adhuhuri ya kwao ni jioni yetu, six kwa hesabu ya shule.

Siku nne hizo nyumba haikukalika. Baba alikuwa ameshaamua. Kwa baba mdogo kuna msikiti, kuna nyama ya halali, kuna mke wa baba mdogo atakayenipikia, na nikiumwa kuna mtu wa kunipeleka hospitali. Kule kwingine kuna nini?

"Kuna mwalimu," nilisema.

"Mwalimu ndiye atakayekuzika?"

"Baba, mie sijafa."

"Hukuja wewe nchi ya watu peke yako. Nimekuja mimi. Usinieleze."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mtu anayefoka unaweza kumfokea. Nikamwambia nahitaji kufikiri, na kweli nilihitaji, kwa kuwa nilimwonea huruma na nilikuwa nimeanza kulegea. Jumatano jioni, tukiwa mezani, akaniuliza mwisho hasa ni lini.

"Kesho saa sita," nikasema.

"Saa sita," akarudia, akaendelea kula.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la dawa Midrand. Ukiingia sakafuni simu unaiacha kwenye kabati la chuma, unaikuta jioni, hata mzazi akifa. Alhamisi hiyo, nikipanga maboksi, nilishika shingo yangu iliyokaza, nikaibonyeza pale mama anapobonyeza, na jibu likaja lenyewe: nakwenda kwa yule bibi. Nilifurahi mpaka msimamizi akaniuliza nacheka nini. Nilipanga nikitoka nimpigie baba kwanza, nimwambie kwa mdomo wangu, ndipo nikubali. Nilitaka asikie kwangu, siyo kwa karatasi.

Nilifungua kabati saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa amenipigia mara kumi na tatu, zote kabla ya adhuhuri yetu. Chini yake kulikuwa na ujumbe:

"Mwanangu hupatikani na saa sita inaingia. Nimekubali kwa baba yako mdogo, kule kwingine nimewajulisha huendi. Alhamdulillahi hukukosa vyote."

Akaunti zangu nilizifungulia kwenye kompyuta yake ya dukani, na maneno yangu ya siri yamo kwenye daftari lake pamoja na ya wateja wake wote. Hakuhitaji kumwomba mtu.

Ilikuwa imebaki saa nzima. Nilisimama kwenye maegesho ya malori nikawapigia. Kijana aliyepokea alikuwa mpole sana. Alisema wamepata jibu langu walipofungua ofisi, nafasi wameshampa aliyekuwa anafuata kwenye orodha, naye ameshakubali. Akanitakia heri. Nikapanda taksi, daladala za huku, nikalia kuanzia Midrand mpaka mjini, na mama mmoja aliyekaa karibu yangu akanipa nusu ya chungwa lake bila kuniuliza kitu.

Nyumbani nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga. Baba alingoja nimalize.

"Barua yao inasema twelve noon," akasema. "Wewe kwa mdomo wako umesema saa sita. Nikaona vinalingana. Ningefanya nini, nikae nikutazame unapoteza vyote?"

Ni kweli nilisema saa sita. Mama akanivuta chumbani, akanikanda mabega, akasema ni makosa ya saa tu, mwanangu, Mungu hakupanga. Nami nikakubali. Nilikubali kwamba nimejikosesha mwenyewe kwa lugha ya mama yangu niliyoona uvivu kujifunza. Kuna kitu kilininong'oneza kwamba baba humpigia mdogo wake kila Jumapili jioni na humkuta akila chakula cha mchana, miaka yote hiyo, lakini nikakizima. Haya ilikuwa nyingi kuliko shaka. Nikaanza kujisahihisha. Nilisema saa moja nikimaanisha seven, saa nne nikimaanisha ten, nikawa naulizwa na mama kama niko sawa. Nikaanza hata kusoma vitabu vya Kiswahili kwa sauti. Nilimwomba baba msamaha kwa kelele zangu. Akanisamehe, akanipapasa kichwa.

Sasa niko mwaka wa tatu kwa baba mdogo, na haya nayaandika Turffontein, nimerudi likizo. Chuo si kibaya. Mikono tunafundishwa mara moja kwa wiki, na wenzangu wengi huichukua saa hiyo kuwa ya kupumzika. Mke wa baba mdogo ananipikia vizuri, nimenenepa. Mtu akiniuliza nimefikaje huko nasema nilichelewa kidogo. Nasema uongo, na sababu ya uongo huo ni jioni moja dukani, wiki moja kabla ya kusafiri.

Nilikuwa nadurufu karatasi zangu za viza. Akaingia fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, mteja wa baba wa siku nyingi, na fomu ya chuo ya binti yake. Baba akaijaza, akagonga muhuri, akamwambia kama kawaida:

"Jumatatu saa tatu, nine. Usichelewe."

Yule fundi akacheka.

"Papa, mimi siwezi kukosea saa tena. Ni weye ulinifundishaka, ile mwaka mutoto alianza shule. Ulisema, mutoto wa huku akikuambia saa sita, weye ujue ni kumi na mbili ya jioni." Akanigeukia mimi, bado anacheka. "Ulisema hata huyu wako anasemaka vile vile! Eish, ulituchekesha!"

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika ile fomu wala hampi mwenyewe. Fundi akaichukua taratibu mkononi mwake, akaaga, akatoka.

Nilimchukia baba. Naandika kama ilivyokuwa. Na kilichoniuma si chuo, chuo nilikuwa nimeshakililia kikaisha. Kiliniuma kile Kiswahili chote nilichojifunza kwa toba, na mkono wake juu ya kichwa changu akinisamehe.

Mashine ikamaliza. Karatasi zilikuwa bado za moto. Nikazipanga, nikazitia ndani ya bahasha, nikaenda kusimama mbele ya kile kiti cha plastiki wanachokalia wateja. Sikukaa.

"Baba," nikasema, "saa hizi ni saa ngapi?"

Akaangalia ukutani, muda mrefu kuliko saa inavyohitaji kusomwa.

"Kumi na moja," akasema. Akainamisha macho kwenye daftari lake. "Five."